Eneo Sifuri na Waya Usiokuwepo

Haya jamani, nani aliyesema kompyuta hazina makao makuu na mikoani? Ruta zinazotumia OSPF, itifaki ambayo toleo lake la 2 lilielezwa kwenye waraka RFC 2328 wa mwaka 1998, hugawa mtandao mkubwa katika maeneo. Eneo 0 ndilo uti wa mgongo. Maeneo mengine yote sharti yaliguse, maana taarifa za njia kutoka eneo moja kwenda jingine hupitia huko, zisije zikazunguka kama uvumi wa mtaani.

Kazini kwetu eneo 0 liko Dar es Salaam, Morogoro ni eneo 1. Ilipofunguliwa ofisi ya Dodoma ikaitwa eneo 2, ila waya wake ukaishia Morogoro. Ikawa mkoa usio na barabara ya kwenda makao makuu.

Fundi wetu akaweka kiungo pepe. Ruta ya Dar na ile ya Morogoro zinaambiwa zijihesabu kama zina waya wa eneo 0 kati yao, ingawa data inapita eneo 1 lile lile. Amri ni mstari mmoja kila upande: unataja eneo la kupitia na kitambulisho cha ruta ya pili. Ikafanya kazi, tukashangilia.

Usiku wa bajeti umeme ukakatika Morogoro. Uliporudi, ruta ikaamka na kitambulisho kipya! Haikuwa imepangiwa cha kudumu, hivyo ikachukua anwani kubwa kuliko zote ilizonazo, na wiki ile ilikuwa imeongezewa nyingine. Dar ikabaki inaita jina la zamani. Mwenzetu wa Dodoma, mwenye stori ya Bunge mkononi, akanisomea kwa simu, nami nikaichapa neno kwa neno huku mhariri akiangalia saa.

Siku hizi kitambulisho kimeandikwa kwa mkono, hakibadiliki. Wakubwa wanasema tatizo limekwisha. Mimi sikubali. Kiungo pepe ni njia ya kuazima: Morogoro ikizimika, Dodoma nayo inazimika. Kinafaa kuvusha watu wakati waya wa kweli unatafutwa. Kwetu huo waya hakuna anayeutafuta tena, kwa sababu cha muda kinafanya kazi.

Vipi kwenu, ndugu msomaji, mna vya muda vingapi vilivyogeuka vya kudumu?