Vikombe vya Sunderland

Mjomba,

Kabati langu limejaa vikombe na mama watoto ameshatoa tamko: kikiingia kimoja, kitoke kimoja. Siku ile kwenye simu uliniuliza mtu mzima anakusanya vikombe vya nini, au nataka kufungua mgahawa? Ulicheka mpaka mtandao ukakata, kwa hiyo nakujibu kwa barua.

Mji ninaoishi unaitwa Sunderland, uko kaskazini mashariki mwa Uingereza, mahali Mto Wear unapoingia baharini. Jina lenyewe unalijua kuliko mimi. Simba yako, baada ya kuitwa Queens na Eagles, iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971, na ni kwa jina hilo ilitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi yetu mwaka 1965, ikaurudia 1966. Nikiwasimulia wazee wa hapa kwamba Kariakoo nako kulikuwa na Sunderland, wananiangalia kwa jicho la kunipima. Nikiongeza kwamba klabu hiyo ilizaliwa 1936, mwaka uleule timu yao ilipochukua ubingwa wa Uingereza kwa mara ya sita, na haijauchukua tena, ndipo mmoja ananisogezea kiti.

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye masoko ya Jumapili. Watu huegesha magari uwanjani, wakafungua buti na kutandaza mezani kila kilichokuwa kimekaa stoo: viatu, redio, picha za ndoa zilizovunjika, na katikati ya hayo vikombe na bilauri zenye nembo ya klabu. Bei ni ya kupatana, na wazee wa kwetu Mwandoya waliozoea mnadani wangefaidi sana huku, maana Mwingereza akitaja bei huona aibu kuitetea.

Vinavyotafutwa zaidi ni vya mwaka 1973. Sunderland ilikuwa daraja la pili, ikaenda Wembley kwenye fainali ya Kombe la FA kukutana na Leeds, timu ya vigogo. Ian Porterfield akafunga bao moja, kipa Jim Montgomery akaokoa mipira miwili mfululizo ambayo mpaka leo watu wanaigiza kwa mikono wakiwa wamesimama kaunta. Mji ulipagawa, na kila mwenye tanuri akachapa sahani, bilauri na vikombe vya ukumbusho.

Ninacho kimoja. Ni cha kauri nyeupe, kina mistari myekundu na mpini wake una ufa mwembamba kama unywele. Ukingo ulipakwa dhahabu, lakini dhahabu hiyo imefutika upande mmoja tu. Shika kikombe kwa mkono wa kulia, ukipeleke mdomoni, utaona midomo inagusa palepale palipochakaa. Kwa hiyo namjua mwenyewe kwa mambo mawili: hakutumia mkono wa kushoto, na hakukiweka kabatini kama pambo. Alikinywea chai. Wakusanyaji wenzangu hupenda kitu kisichoguswa, kikiwa na boksi lake. Mimi hao siwaelewi.

Kukisoma kikombe nako kuna ujuzi wake. Ukiona nembo yenye meli, ni cha kabla ya 1997. Mwaka huo klabu ilihama uwanja wa zamani wa Roker Park kwenda Stadium of Light, uliojengwa palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe, ikabadilisha na nembo. Hii mpya ina daraja na gurudumu la mgodi. Halafu pitisha kidole juu ya picha. Ikiwa imechapwa juu ya vanishi ya kauri, utahisi kimgongo, na hiyo ndiyo hufutwa na mashine za kuosha vyombo. Mashine hizo zimeua vikombe vingi kuliko walevi.

Tena mji huu ulikuwa na ufundi wa vioo na vyombo muda mrefu kabla ya mpira. Mwaka 674 abate Benedict Biscop alianzisha monasteri hapa, akaleta mafundi wa vioo kutoka Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa. Baadaye wafinyanzi wa Sunderland wakatengeneza vikombe vyenye chura wa udongo ndani: mtu anakunywa bia yake kwa raha, inapungua, mara chura anamtumbulia macho. Vyombo vya Pyrex navyo vilitengenezwa hapa tangu miaka ya 1920 mpaka kiwanda kilipofungwa 2007.

Usiniulize kama nina kikombe cha Newcastle. Miji hii miwili ni jirani, na wanavyotaniana, wakati mwingine mpaka ngumi, ni Bagika na Bagalu watupu, yale makundi hasimu ya ngoma za Kisukuma, wamekosa ngoma tu. Kikombe cha Newcastle kikiingia kwenye kabati hili, nitatoka mimi.

Linaloniuma ni la kwetu. Makumbusho ya Bujora yametuhifadhia ngoma na viti vya watemi. Mpira wetu umehifadhiwa wapi? Mwaka 1974 Simba na Yanga walimalizana uwanja wa Nyamagana, Mwanza, si mbali na ziwa. Mlianza kufunga nyinyi, Gibson Sembuli wa Yanga akasawazisha dakika za jioni, Sunday Manara akamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza, mbili kwa moja. Mechi kubwa vile, na sijawahi kuona hata kipande cha tiketi yake. Najua sababu. Kwetu kitu hutumika mpaka kiishe: kikombe cha bati kikitoboka kinanyweshea kuku, jezi ikichanika inafutia baiskeli, karatasi inaliwa na mchwa. Sioni ubaya wa kutumia. Ila klabu zenyewe, Simba ya Msimbazi na Yanga ya Jangwani, zenye wanachama nchi nzima, zingeweza kutenga chumba kimoja chenye kabati la kioo na mtu wa kuandika kila kinacholetwa.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Ile kadi ya uanachama ya marehemu babu, ya enzi zile akipakia pamba bandarini Dar, yenye neno Sunderland, iko wapi? Mara ya mwisho niliiona kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chako, imefungwa pamoja na risiti za ushirika. Itoe humo, Mjomba. Usiipeleke kulaminishwa, joto litaiharibu. Iweke ndani ya bahasha safi, juu, mbali na mchwa, na umwambie yule kijana wa duka la simu aipige picha mbele na nyuma, anitumie.

Na akitokea mtu kutoka Dar akakuahidi hata ndama kwa ajili ya kadi hiyo, mwambie subiri, kisha unibipu. Mimi nitafikia dau la mtamba, na kikombe cha 1973 juu yake.

Mpwa wako,
Sunderland