Nilipanda Basi na Upinde wa Babu

Msomaji wangu mpenzi, ushawahi kupanda basi la kutoka Mbeya kwenda Iringa ukiwa umebeba upinde? Basi usijaribu kabla hujasoma safu hii hadi mwisho. Mwenzio nilijaribu, na yaliyonikuta ndiyo ninayokumegea leo.

Habari yenyewe ilianzia nyumbani kwetu Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa. Nyuma ya mlango wa chumba cha mama kulikuwa na upinde wa babu mzaa mama, umetundikwa hapo tangu sisi tukiwa wadogo. Ole wake mtoto aliyeugusa! Babu alizaliwa Chunya, upande wa Kipembawe, Mkimbu wa asali na mawindo. Akaja kuoa Usangu, akalowea huko huko. Alipofariki, upinde ukabaki kwa mama kama amana.

Mwaka huu mama akaniita jikoni. "Mwanangu, hii amana imenichosha. Mpelekee mjomba wako, yeye ndiye mrithi." Mjomba anaishi Idodi, ng'ambo ya Iringa mjini, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Nami kwa kiherehere changu cha kupenda safari, nikasema bee mama, kesho kutwa naondoka.

Lakini kabla ya kuondoka nikasema ngoja nijaribu. Nani angejua? Nyuma ya nyumba kuna mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, nikauchagua kuwa adui yangu. Nikaweka mshale kwenye upote, nikavuta. Kha! Upote ulisogea kidogo tu, kama unanicheka. Nikavuta tena hadi mikono ikatetemeka. Mshale ukatoka kwa uvivu, ukaangukia kwenye beseni la nguo za jirani.

Mzee mmoja wa pale mtaani, aliyewahi kuishi porini enzi za ujana wake, akaja anacheka. "Binti yangu, upinde hauvutwi kwa mikono, unavutwa kwa mgongo." Akasimama ubavu, akasukuma mti kwa mkono wa kushoto huku bega la kulia likirudi nyuma, pwaa! Mshale ukazama kwenye mgomba hadi nusu. Mzee mwenyewe ana mvi kichwa kizima.

Ndipo nikaanza kuuheshimu ule mti. Kwa taarifa yako, watafiti waliopima pinde za ndugu zetu Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi walikuta kwamba kwa wastani kuuvuta mmoja kunataka nguvu ya kama kilo 31. Hiyo ni ndoo kubwa ya maji moja na nusu, uishike kwa vidole vitatu, utulie, halafu ulenge! Waliangulu wa Kenya, waliokuwa wakiwinda tembo, walikuwa na pinde nzito zaidi, za kilo 45 na kuendelea. Wale unaowaona kwenye Olimpiki wanalenga shabaha iliyo mita 70, mchezo uliorudishwa kwenye mashindano hayo mwaka 1972 kule Munich.

Mzee akanifahamisha jambo jingine. Risasi huvunja na kupasua. Mshale hukata tu, mnyama akakimbia na damu yake, na mwindaji akafuata nyayo nusu siku. Ndiyo maana wawindaji wengi wa zamani walipaka sumu ya miti kama msunguti, ambayo hushika moyo. Nikamuuliza mama kuhusu mishale ya sumu ya babu. Akasema babu mwenyewe aliifukia zamani, mahali ambapo hakumwambia mtu. Afadhali.

Haya, safari. Alfajiri nikaenda stendi na upinde nimeuzungushia khanga, podo na mishale mitatu ndani ya mfuko wa salfeti. Konda akaushika, akaupapasa. "Dada, hii nini, fimbo ya mganga?" Nikamwambia ni upinde. Basi zima likageuka. "Jamani, leo tunasafiri na komando!" Nikaona aibu, lakini nikajikaza, nikakaa nao katikati ya magoti.

Tukapita Uyole, Igurusi, Chimala. Kama hujawahi kupita njia hii, kaa upande wa kushoto. Kulia kwako milima imesimama kama ukuta, kushoto bonde la Usangu limelala tambarare hadi macho yanachoka. Pale Igurusi wauza mchele wanagombania madirisha ya basi. Huko ndani ya bonde ndiko babu alikowinda. Mama anasimulia kuwa babu alikuwa akiondoka na upinde huo huo, anarudi siku ya tatu na nyama iliyokaushwa, na majirani wote wanakula.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mzee wa Kihehe mwenye koti zito. Tulipokaribia Makambako baridi ikaanza kutuuma, naye akaanza utani. "Mjukuu wangu, huo mti wa nini? Sisi Wahehe tulimaliza kazi kwa mkuki. Muulize Zelewski pale Lugalo!" Watu wakacheka. Anazungumzia tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa lilipowavamia Wajerumani na kamanda wao Emil von Zelewski akafa hapo hapo. Nikamjibu kuwa mkuki lazima umsogelee adui, babu yangu alimpata akiwa bado anakula majani. Mzee akanipa ndizi, utani ukaisha vizuri.

Tukapita Mafinga na misitu yake ya misonobari, Ifunda, kisha kibao cha Isimila, kule kwenye zana za mawe za watu wa kale sana, walioishi kabla binadamu hajaujua upinde. Kidogo tu tukateremka, na mji wa Iringa huo juu ya kilima. Zaidi ya kilomita 300 na komando wenu nimefika salama.

Nililala Kihesa kwa mama mdogo, nikipanga asubuhi nipande gari la Idodi. Hapo ndipo kimbembe kilipoanza. Jirani yake mama mdogo ni askari wa wanyamapori mstaafu, alikuja kusalimia akauona upinde umeegemea kabati. Akaacha chai yake.

"Huu unakwenda wapi?"

"Idodi, baba. Kwa mjomba."

Akavuta pumzi. "Mwanangu, kaa nikwambie."

Msomaji, alichoniambia nakigawa kwako bure. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inapotaja silaha haisemi bunduki peke yake. Upinde umo, mshale umo, mkuki, kisu, shoka, jembe, wavu na mtego vimo. Kuwa na upinde nyumbani kama kumbukumbu ya babu hakukufanyi mwizi. Lakini ukikutwa na silaha katika mazingira yanayoleta shaka kwamba umewinda au unataka kuwinda, hilo peke yake ni kosa, hata kama hujagusa sungura. Ukiingia nayo ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali, sheria ya hifadhi za taifa inakungoja. Kuwinda kunataka leseni, uwe na bunduki au uwe na upinde, na sumu hairuhusiwi. Wahadzabe wana maisha yao yanayotegemea pori, na sheria hiyo imeacha mlango wa leseni kwa jamii za namna hiyo. Mimi binti wa Mwanjelwa mlango huo haunihusu.

"Na ukikutwa na nyama je?" nikauliza.

"Hiyo inaitwa nyara ya serikali. Hapo tunazungumzia miaka 20 hadi 30 jela."

Nikabaki nimeduwaa. Nikamwambia, mbona babu aliwinda na mgambo wanamwona? Mzee akatabasamu, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1973 serikali ilisimamisha uwindaji nchi nzima, ukafunguliwa tena 1978. Mwaka 1989 ikaja Operesheni Uhai, jeshi likaingia porini kuwasaka majangili wa tembo. Halafu akafika kwenye kidole kilichoniuma. Mwaka 1998 sehemu ya bonde la Usangu ikatangazwa kuwa pori la akiba. Mwaka 2008 pori hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hifadhi ikavuka kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2023 mpaka ukaguswa tena.

Kwa hiyo miaka yote hiyo upinde ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango wa mama, haujasogea hata hatua moja. Mpaka ndio uliosogea. Njia aliyopita babu kwa miguu kutafuta kitoweo, leo mjukuu wake akiipita na mti huo huo anakwenda kusimama kizimbani.

Usinielewe vibaya, sisemi hifadhi ivunjwe. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi, viboko wakabanana kwenye vidimbwi vya matope. Maji yale yale ya Usangu ndiyo yanayoteremka hadi Mtera na Kidatu kuwasha taa unayosomea gazeti hili. Mtu lazima alinde chanzo. Ila inauma kidogo, na mwenye kuumwa aruhusiwe kusema.

Asubuhi mama mdogo akampigia mjomba simu, mjomba akaja mwenyewe Iringa. Nikampokea shikamoo, nikamkabidhi amana kwa mikono miwili. Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Akatoka uani, akauvuta upinde mtupu mara moja hadi sikioni, taratibu, bila kutetemeka. Akaurudisha. Nikaona machozi.

"Huu siendi nao Idodi," akasema.

Ndipo nikajua ambalo familia ilikuwa inalificha. Mwanawe, binamu yangu, alishawahi kukamatwa ndani ya hifadhi na panga na waya wa kutegea, akafungwa. Sasa ametoka, anahangaika na kilimo cha mpunga. "Nyumba yangu ina vijana wanne," mjomba akasema. "Nyama ipo hatua chache kutoka shambani kwangu. Nikiutundika huu ukutani, ipo siku yenye njaa mmoja atautazama. Nitakuwa nimemrithisha jela."

Mama mdogo akaleta msumari na nyundo, upinde ukatundikwa sebuleni kwake Kihesa pamoja na podo. Mjomba akaufungua upote, akauviringisha kwenye kiganja, akautia mfuko wa shati. "Huu nitakuwa nao mimi. Upinde bila upote ni fimbo, na fimbo haimfungi mtu." Akapanda gari la Idodi saa nane mchana.

Mimi nilikuwa nimebakisha siku moja, nikaimalizia Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, nikaangalia mikuki. Mzee wa basini alikuwa na haki ya kujivuna.

Basi msomaji, kama una upinde wa babu ndani, ubaki ndani. Usiende nao shambani lililopakana na hifadhi, usiazime kwa mtu "mara moja tu". Ukitamani nyamapori, tangu zile kanuni za mwaka 2020 kuna mabucha yenye kibali, nenda na hela yako udai risiti. Ukitamani kulenga shabaha, tafuta mgomba uliokwisha kuzaa, na hakikisha jirani hajaanika nguo.

Nami nikirudi Iringa nitafikia Kihesa, nitausalimia ule mti ukutani. Mama ameshaniuliza kama mjomba alifurahi. Nimemwambia alifurahi. Ya binamu atamwambia mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo.