Ming'oko ya Bibi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika shule moja ya vilima vya Umatumbi, kusini mwa Tanzania, mwalimu wa historia aliteka maji mtungini, akayamwaga mlangoni, akawauliza wanafunzi wa darasa la sita kama risasi hulowa. Darasa zima liliangua kicheko. Mvulana mmoja, ambaye baadaye naye alishika chaki hadi kustaafu, alicheka na wenzake, jioni akaipeleka hadithi hiyo nyumbani. Bibi yake hakucheka. Alisema tu kwamba mama yake alivuka ile vita ya Maji Maji kwa kula ming'oko, mizizi inayochimbwa porini. Habari ya risasi hakuigusa.

Kijana hakuelewa. Vita hiyo ya kuwapinga Wajerumani, kama alivyofundishwa, ilikuwa na bunduki na maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi, ming'oko haikuwamo.

Wala haikuwa na nafasi kubwa katika vitabu vya mwanzo. Gustav Adolf von Götzen, gavana wa Kijerumani aliyeizima vita hiyo, alichapisha kitabu chake Berlin mwaka 1909, na waganga ndio waliobebeshwa lawama nyingi. Mshindi akishika kalamu, aliyeshindwa hupewa ujinga kama sare. Ule utani wa mlangoni ulikuwa na ukoo mrefu kuliko mwalimu mwenyewe alivyojua.

Akiwa chuo cha ualimu, kijana alikutana na kijitabu chembamba kilichochapwa Nairobi mwaka 1968, kazi ya Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wamekwenda vijijini kuketi na wazee waliokumbuka. Humo waganga wapo, lakini lipo pia shamba la pamba la lazima, jumbe msimamizi, kiboko, na mavuno ambayo mkulima hayaoni faida yake. Julai 1905, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa bado changa. Iliendelea bila yeye hadi 1907. Kijana alisoma kijitabu hicho usiku mmoja, kwa kibatari, akakumbuka kicheko chake kwa aibu.

(Tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, *Kinjeketile*, ilikuwa imeshamfikia kabla ya hapo. Ilimchukua miaka kutambua kwamba mtu wa jukwaani si yule wa Ngarambe, ingawa Hussein mwenyewe alishaonya. Hata tahajia ya jina ni nyingine.)

Hata hivyo, bado kulikuwa na upungufu. Vitabu vya zama za uhuru vilihitaji mashujaa na taifa moja, na vikavipata. Bibi hakuwa shujaa wa mtu. Hesabu ndizo zilizomrudisha kwake: Wajerumani walikadiria vifo vya Waafrika kuwa 75,000, Gwassa akasema ni kati ya 250,000 na 300,000, na kwa upande wa pili walikufa Wazungu 15. Risasi peke yake haiwezi kufika huko. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa ikamaliza kazi.

Wanahistoria waliokuja baadaye walishuka jikoni. Thaddeus Sunseri, mwaka 1997, aliandika kuhusu Uzaramo: njaa, nguruwe mwitu walioharibu mazao, wanawake waliobaki na mashamba. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kizima kinachotilia shaka ile picha ya vita moja yenye nia moja. Yule kijana, sasa mwalimu, alikipata kwa kuazima, akakirudisha kimechelewa.

Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, ambako machifu na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha. Mwalimu alisikiliza redioni. Kisha alichukua kile kijitabu cha 1968, kilichokwisha kuachia gundi, akaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa mwisho jina la mama wa bibi yake, na chini yake neno moja: ming'oko.