Kupishana na Umati: Likizo ya Familia Eldoret



Msimu wa likizo unapokaribia, hali ya miji yetu ya Pwani hujulikana. Kuanzia katikati ya Desemba treni na mabasi yatokayo Nairobi hujaa, foleni ya kivuko cha Likoni hurefuka, na fukwe za Nyali, Bamburi na Diani hufunikwa na watu. Wageni hatuwalaumu. Riziki ya nyumba nyingi za kwetu imo mikononi mwao, na wazee walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo, lipo jambo lisilosemwa sana. Wiki hizo ambazo nchi nzima huziita za mapumziko, ndizo ambazo mama wa nyumba ya Pwani huchoka kuliko wiki nyingine zote za mwaka. Jamaa kutoka bara na ng'ambo hushukia kwake. Jiko halizimwi, na matandiko hayaishi kufuliwa. Jioni ikifika, pale ufukweni alipozoea kukaa na binti zake wakapunga upepo kwa stara, hapana tena pa kukaa. Mji umejaa watu waliokuja kupumzika, na mwenye mji ndiye aliyekosa mapumziko.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Jamaa zetu walioko Ulaya husimulia kuwa mwezi wa Julai na Agosti miji mashuhuri huko haipitiki. Mji wa Venice, nchini Italia, tangu tarehe 25 Aprili 2024 ulianza kuwatoza wageni wa kutwa ada ya euro 5 katika siku zilizotangazwa, ili kupunguza msongamano. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, wakaazi wa Barcelona waliandamana, na baadhi yao wakawarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Wenyeji wanapofikia kumfukuza mgeni kwa maji, basi neno la mgeni na mwenyeji limekwisha kuharibika. Ndiyo maana wasafiri wenye busara huko hubadilisha mwezi wa safari, au huuacha mji wenye jina na kuelekea mji wa pili na wa tatu, ambako watu wanaishi maisha yao ya kila siku.

Sisi na watu wa nyumbani tuliitafuta hekima hiyo hapa hapa nchini. Tukanuia kuondoka kabla ya wageni kuwasili, na kuelekea upande ambao msafara wao hautazami. Tukachagua Eldoret, mwisho wa mwezi wa Novemba.

Tulipoutaja mji huo barazani, maswali yalikuwa mawili. La kwanza: Eldoret kuna nini? La pili liliulizwa na mabibi zetu kwa sauti ya chini: kuna amani? Swali hilo lina haki yake. Wengi wetu tulilisikia jina la Eldoret kwa uzito katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, pale damu ilipomwagika na maelfu ya familia zikahama makwao. Hatuwezi kuyafuta yaliyopita kwa kalamu. Lakini haifai pia kumhukumu mtu milele kwa siku zake mbaya zaidi, na mji ni kama mtu. Njia ya kumjua jirani ni kumtembelea.

Safari yenyewe ni ya kupishana na umati. Treni ya SGR, inayofanya kazi tangu mwaka 2017, msimu wa likizo hulemewa zaidi inapoteremka Mombasa. Anayepanda kwenda Nairobi hupata nafasi kwa urahisi zaidi. Kutoka Nairobi hadi Eldoret ni takriban kilomita 310 kwa barabara kupitia Nakuru. Hapo pana la kuzingatia: Krismasi ikikaribia, magari ya Nairobi kwenda magharibi nayo hujaa kwa watu wanaorejea makwao, na nauli hupanda. Anayetaka wepesi aondoke mara tu shule zinapofungwa, wala asingoje wiki ya mwisho. Kuukimbia umati, kwa hakika, ni kujua nani anakwenda wapi, na kwa nini.

Baada ya Nakuru barabara hupanda bila ya kuchoka, huvuka mstari wa ikweta, na kufika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Watoto wetu, waliozaliwa katika joto, waliona mvuke ukiwatoka vinywani wakadhani ni mchezo. Mtoto mdogo asipandishwe huko bila ya sweta na soksi. Eldoret yenyewe iko karibu mita 2,100, na hata mchana jua linapowaka, usiku unataka mablanketi mawili. Mwanzoni mtu wa Pwani huhema anapopanda ngazi. Hana maradhi, ila hewa ya huko ni nyepesi.

Mji huu si mkongwe kama yetu. Wajuzi wa asili ya majina husema kuwa neno Eldoret linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, na mto huo ni Sosiani, unaopita mjini hadi leo. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 na kugawana mashamba kwa namba, juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe. Mji ulianzia kwenye shamba namba 64, na wazee wa huko bado huuita kwa namba hiyo. Reli ilifika mwaka 1924. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ulitunukiwa hadhi ya jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Basi kuna nini? Kuna watu walioshughulika na kazi zao. Novemba ni wakati wa mavuno: malori ya mahindi yapo barabarani, magunia yamepangwa kando ya mashamba, na mazungumzo ya sokoni ni bei ya gunia. Hapana anayekufuata kukuuzia bangili za kauri, wala anayekuuliza umetoka nchi gani. Mama watoto alipita sokoni na buibui lake, akachagua viazi na njegere, akapatana bei kwa Kiswahili chake cha Mvita na muuzaji kwa Kiswahili chake cha Kikalenjin, wakaelewana na kucheka. Bei aliyopewa ndiyo aliyopewa jirani yake. Huo ndio wepesi wa mji ambao haukujipanga kwa ajili ya watalii.

Mambo ya dini hayana uzito. Waislamu wa huko wana misikiti yao, na msikiti wa Jamia uko mjini. Nyama ya halali hupatikana kwa kuuliza waumini. Kwa faida ya wasomaji tutaje mambo mawili. La kwanza ni kibla. Mombasa iko karibu moja kwa moja kusini mwa Makka, hivyo sisi huelekea kaskazini tupu. Eldoret iko magharibi zaidi, na anayesali nyumbani aliyofikia ainamishe uso kidogo upande wa mashariki ya kaskazini. La pili ni kasri. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, husali sala kamili tangu anapofika. Sisi tulinuia siku sita, kwa hivyo tulipunguza njiani na kukamilisha tulipofika.

Siku ya tatu tulikwenda Iten, kiasi cha mwendo wa saa moja. Mji huu mdogo, karibu mita 2,400 juu ya bahari, unajulikana ulimwenguni kote kwa wanariadha, na lango lake limeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni nyumbani kwa mabingwa. Alfajiri, wakati sisi tunatoka kusali, vijana kwa makundi walikuwa tayari barabarani wakikimbia kimya, wengi wao bila ya jina wala medali. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 huko Vienna kwa muda wa chini ya saa mbili tarehe 12 Oktoba 2019, amefanya mazoezi yake kwa miaka mingi katika kambi ya Kaptagat, upande mwingine wa Eldoret. Mwanetu wa kiume, ambaye huamshwa mara tatu kwa sala ya alfajiri, aliwatazama akanyamaza. Hatukumwambia neno. Mazingatio mengine hayataki khutba.

Karibu na Iten ardhi hukatika ghafla, na chini kabisa huonekana Bonde la Kerio, limelala katika joto na vumbi la rangi ya samli, na vilima vya Tugen ng'ambo yake. Mola ametuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama alivyoumba. Mbele ya bonde lile mwito huo hufahamika bila ya mfasiri. Tuliwaacha mama watoto na binti zake wawili chini ya mti, sisi wanaume tukasogea kando na chupa ya chai. Walikaa hapo tangu baada ya sala ya adhuhuri hadi alasiri. Tuliporejea, mama watoto alisema kuwa tangu mwezi wa Shaaban hakuwahi kukaa saa nzima bila ya kuitwa na mtu. Alisema kwa furaha, bila ya kulalamika, na kwa sababu hiyo maneno yake yalituingia zaidi.

Hapo ndipo penye neno letu. Mtu anaweza kuukimbia umati wa Diani, kisha akaupeleka umati wake mwenyewe kwa mwanamke mwingine. Watu wanane wakishukia kwa jamaa Eldoret kwa wiki mbili, mwenye nyumba ile ndiye atakayekesha jikoni, na mapumziko yetu yatakuwa yamenunuliwa kwa jasho lake. Dini imeuwekea ugeni mpaka wa siku tatu, na wahenga nao siku ya tatu wakamkabidhi mgeni jembe. Sisi tulikodi nyumba ya vyumba vitatu, tukawatembelea jamaa zetu mchana na mikono yetu haikuwa mitupu. Nyumbani tuligawana zamu: wanaume na vijana wakapika siku tatu, na vyombo wakaviosha wao siku zote sita. Ugali wa kwanza ulikuwa mgumu kama tofali, na ulilika.

Kwa anayenuia safari kama hii, wasia wetu ni mfupi. Achague Novemba au mwanzo wa Desemba, kwani Agosti Eldoret ni mvua na matope. Safari iwe na mahram na ratiba nyepesi. Sehemu moja kwa siku inatosha. Anunue kwa wenyeji, awasalimie kabla ya kuwauliza njia, na asipige picha za watu bila ya idhini, kama sisi tusivyopenda kupigwa picha milangoni mwetu. Na kabla ya kufunga mizigo amuulize mama wa nyumba yeye anataka kupumzika vipi, kisha aipange safari kwa jawabu hilo.

Tuliporudi Mombasa kaskazi ilikuwa inavuma na wageni wa kwanza wameanza kuteremka kituoni Miritini. Tuliwapokea wetu kwa bashasha kuliko miaka iliyopita, na vijana wa nyumba waliingia jikoni bila ya kuamrishwa. Mwenyezi Mungu azijaalie safari zenu kheri, awarudishe salama, na awape mama zetu raha ya dunia na ya akhera.

Wabillahi tawfiq.