Kompyuta ya mjomba na adapta ya ruta

Samahani kwa kimya, wasomaji. Wiki yote nimekuwa fundi wa umeme badala ya kuandika programu.

Mjomba alinikabidhi ZX Spectrum aliyorudi nayo kutoka Uingereza, mashine ya 1982 yenye kilobaiti 48. Adapta yake ilipotea. Nikaona ya ruta yangu imeandikwa volti 9, nikachomeka. Televisheni giza!

Kosa ni langu. Spectrum hutaka hasi katikati ya plagi. Ya ruta ina chanya. Mchoro upo pale pale kwenye adapta, sikuutazama.

Nikatafuta adapta sahihi, nikaifungua mashine na kupima. Kwenye 7805, kile kidhibiti cha umeme, volti 5 zilikuwepo. Nikashangilia mapema. Kumbe chipu za kilobaiti 16 za kwanza huhitaji pia volti 12 na hasi 5, na hizo hazikuwepo. Transista TR4, inayosaidia kuzitengeneza, ilikuwa imeungua. Nikanunua nyingine, nikailehemu. Maandishi ya Sinclair yakatokea.

Nikampigia mjomba, nikaungama. Akacheka: "Digrii nzima ya kompyuta, na plagi ikakushinda?"