Kucheza ni Kusali: Kutoka Mpala hadi India



Ukitoka Kalemie kwa boti kuelekea kusini, ziwa likiwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, unafika Mpala, penye mto Lufuko. Hapo Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome mwaka 1883. Mwaka 1885 Mapadri Weupe waliipokea, ikawa misheni. Sisi walimu wa kike tulikwenda huko wakati wa likizo, tukasali misa ya Jumapili.

Kwenye Utukufu ngoma zikalia. Wasichana wadogo, miguu mitupu, vikwembe vya namna moja, wakaja wakicheza mpaka karibu na altare. Nyuma yao wamama wawili walicheza polepole, macho yao kwa watoto. Mwenzetu mmoja akanong'ona: «Hii ni misa ao ni feti?»

Wengi wetu tunajiuliza hivyo. Zamani wamisionari wengi hawakutaka ngoma kanisani. Lakini mwaka 1988 Roma ilikubali misa ya kwetu, iliyoitwa ya Zaire, ambamo padri na wahudumu wanaizunguka altare wakicheza. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko mwenyewe aliiongoza katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma.

Wala si sisi peke yetu. Kule Tamil Nadu, kusini mwa India, Wahindu wana mchezo uitwao Bharatanatyam, uliotoka hekaluni. Mchezaji anafunga njuga miguuni. Kabla ya kuanza anagusa ardhi na kuiomba msamaha, kwa sababu ataikanyaga. Kisha mikono, macho na shingo vinasimulia habari za miungu yao.

Lakini tusikilize na upande wa pili. Waliocheza hekaluni walikuwa wasichana waliotolewa huko tangu utoto, wakiitwa devadasi, maana yake watumishi wa mungu. Kwanza waliheshimiwa, baadaye wengi wakafanywa mahawara wa matajiri. Mwaka 1947 sheria ya Madras ilikataza kutoa mtoto hivyo. Mchezo wenyewe haukufa: tangu 1936 Rukmini Devi alikuwa amefungua shule ya kuufundisha huko huko Madras.

Ubaya basi haukuwa katika kucheza. Ulikuwa kwa watu wazima walioacha kumlinda mtoto.

Kwa hiyo binti akichaguliwa kucheza kanisani, tusimkataze, wala tusimwachilie tu. Tuulize: nani anawafundisha? Mazoezi yanaisha saa ngapi? Nani anawasindikiza nyumbani giza likiingia? Kila kikundi kichague mama mmoja wa kuketi pale siku ya mazoezi, kwa zamu. Nguo zishonwe ndefu na pana za kutosha, mtoto acheze bila haya. Na nyumbani, tukichambua mchele ao tukisafisha samaki, tumweleze maana ya kila hatua, ili ajue kwamba anasali.