Kilwa: ‘Mama, zile ndege zitagongana?’

Watoto wengi wa mwambao huu, kuanzia Kilwa hadi Lindi, huuliza swali hili. Mbingu ni safi, michirizi miwili myeupe inaelekea kukutana juu ya bahari, na mtoto anakushika mkono. Usimjibu “hapana” ukaishia hapo. Mpeleke ufukweni Kilwa Masoko, jibu atalipata kwa macho yake.

Ng’ambo ni Kilwa Kisiwani, na ngome kongwe ya Gereza iko ukingoni mwa maji. Kutoka mlipo hadi kisiwani ni takribani kilomita mbili. Subirini mashua mbili zipishane katikati. Kuna wakati tanga la moja litafunika la nyingine, na mtoto ataapa zimegongana. Dakika chache baadaye kila moja inaendelea na safari yake. Nafasi ilikuwapo, ila moja ilikuwa mbele na nyingine nyuma yake, na jicho halipimi vizuri nafasi ya namna hiyo kwa vitu vilivyo mbali.

Angani ni vivyo hivyo. Ndege za masafa marefu hupita kilomita 10 hadi 12 juu. Kwa kanuni za kimataifa, zinazosimamiwa hapa nchini na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), ndege zinazopishana kwenye kimo hicho huachiana walau futi 1,000, yaani mita 300 hivi, moja juu na nyingine chini. Sisi tunazitazama kutokea chini, kwa hiyo zikipita utosini mita hizo zote hatuzioni.

Ukubwa nao hudanganya. Ndege ndogo inayokuja kutua Kilwa Masoko, yenye mabawa ya mita 16 hivi, ikiwa mita 500 juu yenu huonekana kubwa kuliko ndege ya mita 65 iliyo kilomita 11 juu.

Kisha sikilizeni mlio. Kutoka kimo hicho sauti huchukua zaidi ya nusu dakika kufika chini, na wakati huo ndege imeshasogea takribani kilomita nane. Ndiyo maana mlio husikika nyuma yake. Hapo mtoto ataelewa kitu kile kiko mbali kiasi gani.

Somo hili halimwondolei hofu tu. Kila siku watoto wa pwani huona dau limetia nanga na kusema, “Si hapo tu!” Baharini, “hapo tu” inaweza kuwa mita 500, na maji yakiwa yanatoka mkondo humvuta hata anayejua kuogelea. Mtoto aliyeona jinsi jicho linavyokosea kuhusu ndege atakuelewa ukimwambia: kabla hujaogelea kufuata chombo, muulize kwanza mtu mzima kiko umbali gani.